Shikamoo ya Juu ya Baiskeli

Zuhura, muuguzi kijana aliyekalia kiti changu pale zahanati, alinitumia ujumbe wiki mbili baada ya kuniaga kwa keki na vitenge. "Mama, shikamoo. Wahudumu wetu wa vijijini wataletewa baiskeli za gia. Tuombe za aina gani? Na zile njia zako tuandikie basi, kabla hujasahau." Nikamjibu marahaba, nikamwambia sijafikia umri wa kusahau, nimefikia umri wa kustaafu tu. Kisha nikakaa barazani kwetu Chanzuru na daftari, nikaona kwamba miaka thelathini na mitatu ya kupeleka chanjo kwa baiskeli haienei kwenye ujumbe wa simu.

Kwa hiyo naandika. Anayetaka kujua nilipandishwa cheo lini, faili lipo Kilosa mjini. Mimi nitasema habari za tairi, breki na miba, na za watu walionifundisha. Nitasema pia habari ya siku moja ambayo sijapata kuisimulia kwenye kikao chochote, siku niliyokaribia kuwakosesha chanjo ya surua watoto wa boma zima. Kosa halikuwa la baiskeli wala la njia. Lilikuwa langu, na ndiyo maana nimechelewa kulisema.

Kuendesha nilijifunza kwa baiskeli nyeusi ya kaka yangu, ile ya kiume yenye bomba la juu. Miguu haikufika, kwa hiyo nilipenyeza mguu mmoja chini ya bomba nikanyonga nikiwa nimejipinda upande, kama walivyofanya watoto wote wa Chanzuru. Mama alisema mtoto wa kike hapandi baiskeli. Baba alisema mtoto wa kike akienda mashineni kwa baiskeli atawahi kurudi na unga. Siku hiyo unga ulikuwa umeisha, hivyo baba akashinda.

Kazi nilianzia zahanati moja upande wa Ulaya, kijiji cha hapa hapa Kilosa, si ile ya Wazungu. Siku ya kwanza nilifika nimevaa gauni jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa linasimama lenyewe. Aliyenipokea alikuwa Bi Mwanaidi, mkunga wa miaka mingi, mfupi, mpole wa sauti na mkali wa macho. Alilitazama gauni, akatazama viatu vyangu, akasema, "Mwanangu, hilo gauni utalivaa siku ya mkaguzi. Leo vaa suruali, halafu khanga juu yake. Tunakwenda kliniki ya mkoba, na mkoba wenyewe ni baiskeli."

Kabla hatujaondoka alinikalisha mbele ya pakiti za barafu alizozitoa kwenye friji. "Sikiliza," akasema. Nikasubiri aseme neno, kumbe alitaka nizisikilize pakiti. Barafu iliyotoka kwenye friji huachwa mezani mpaka itoe jasho, na ukiitikisa usikie maji yanagonga ndani. Hapo ndipo unaipanga kwenye kasha pamoja na chanjo. Ukifanya haraka, chanjo ya pepopunda inaganda na kufa, na kwa macho hujui. "Mama wa watu atarudi nyumbani anaamini mwanawe amekingwa," Bi Mwanaidi akaniambia. "Huo utakuwa uongo, na utakuwa umeusema kwa sindano." Sijawahi kupewa semina nyingine iliyonikaa hivyo, na semina nimehudhuria nyingi, zenye soda na zisizo na soda.

Baiskeli ya zahanati ilikuwa nyeusi, nzito, haina gia, breki zake za fimbo. Ilikuwa na sifa moja: ilikuwa haifi. Ikianguka, inayoumia ni ardhi. Kwa tambarare za Ulaya siku za kiangazi sikuitamani nyingine. Mvua zikinyesha, udongo mweusi wa mbugani ulijaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, ukawa unaibeba baiskeli iliyopaswa kukubeba wewe. Nilifungua madigadi msimu wa kwanza na sikuyarudisha tena. Mgongo utarukiwa na tope, ndiyo, lakini tope linafuliwa.

Mwalimu wangu wa pili alikuwa Fundi Saidi wa Kilosa mjini, aliyekuwa akitengeneza baiskeli karibu na soko. Nilimpelekea baiskeli ikiwa na pancha saba kwa wiki moja, nikilia kabisa. Hakunicheka. Alichukua tairi kuukuu, akalikata kingo, akalivisha ndani ya tairi zima, kisha ndani yake akaweka tyubu. "Miba ya mgunga haina adabu," akasema, "lakini haina mkono mrefu." Tangu siku hiyo pancha zikawa za kuhesabika. Baiskeli huwa nzito zaidi, na wauza baiskeli wa siku hizi watakuambia unapoteza kasi. Waambie wakupe kasi yao uone kama itaziba pancha katikati ya mashamba ya mkonge.

Fundi Saidi ndiye aliyenifundisha pia kwamba ukiishiwa viraka unaweza kujaza tairi nyasi kavu, ukazishindilia vizuri, ukafika. Makalio yako yatalalamika, lakini chanjo itafika. Na mnyororo usiupake mafuta ya kula, hata kama chupa iko karibu. Vumbi la njia zetu linayapenda mno. Futa kwa kitambaa kikavu, dondoshea mafuta ya cherehani matone machache, futa tena. Mafuta mengi ni sawa na kuacha mlango wazi.

Baiskeli za gia zilitufikia nilipokuwa nimehamishiwa upande wa Mikumi. Zilikuwa nyekundu, zina tairi pana zenye meno, na mbele zina shokapu. Wanaume walikimbilia kuzipanda uani, wakabadilisha gia zote kwa dakika moja, wakakata waya wa ya kwanza kabla hatujasaini kuipokea. Haya ndiyo maoni yangu, Zuhura, uyachukue au uyaache. Gia ishirini na moja ni mapambo. Nilitumia tatu: moja ya kupandia, moja ya tambarare, moja ya kukimbizia. Shokapu za mbele ni tamu kwenye mawe, lakini ukipanda kilima zinakunywa nguvu zako kila unaponyonga. Chanjo yenyewe haipati faida, maana iko nyuma. Wewe tandika kipande cha godoro kwenye keria, weka kasha juu yake, ulifunge kwa mpira wa tyubu kuukuu, usifunge kwa kamba. Kamba hulegea bila kukuambia.

Breki ndiyo nitakayoigombania mpaka mwisho. Usinunue baiskeli kabla hujaishusha mteremko. Na ukishuka usibane moja kwa moja mpaka chini. Bana, achia, bana, achia, ya nyuma kwanza. Raba za breki zikishachemka hazijali wewe ni nani. Siti iwe pana na yenye springi. Zile nyembamba zilizochongoka mbele zilitengenezwa na mtu asiyetutakia mema.

Na njia. Ile ya kandokando ya reli ya zamani ni fupi, lakini mawe yake yatakutoa meno, tena hairuhusiwi, kwa hiyo sikuwahi kuipita na msisemeseme. Reli mpya imewekewa uzio, watu wanavuka kwa kupita chini, na wakati wa mvua hapo pana maji. Uliza kabla hujaingia. Siku ya gulio Ulaya usijaribu kupita kati ya watu kwa kengele, shuka ukokote. Upande wa Mikumi, ukikuta kinyesi cha tembo kinafuka moshi, geuza. Usisimame kupiga picha. Tembo haombwi njia.

Sasa niiseme ile siku.

Kilikuwa kiangazi, na surua ilikuwa imeingia kwenye boma moja la wafugaji ng'ambo ya kilima. Nashipai, mama kijana wa boma la jirani, aliwahi kujifungulia mikononi mwangu, kwa hiyo alikuwa na namba yangu. Alinipigia akiwa amepanda kichuguu kutafuta mtandao. "Mama, shikamoo. Huku watoto wanaugua. Wetu bado. Keshokutwa tunahama na ng'ombe, nyasi zimeisha. Ukija kesho utatukuta. Ukichelewa hutatukuta." Nikamwambia nitakuja asubuhi.

Nilipanga barafu kama nilivyofundishwa, nikaondoka mapema, nikapanda kilima kwa ile gia moja ya kupandia. Juu nikapumzika. Chini yangu njia ilikuwa imenyooka kwenye miombo, ngumu, safi, haina mtu, kisha inaingia mbugani tambarare mpaka bomani. Niseme ukweli, hakuna mteremko niliowahi kuupenda kama ule. Nilikuwa na miaka arobaini na kitu, mama wa watoto wanne, lakini pale nilikuwa yule mtoto wa Chanzuru aliyewahisha unga. Nikaiachia baiskeli. Nilipoingia tambarare mwendo ulikuwa bado mwingi, na mbele yangu, katikati ya kijia chembamba, anakuja bibi wa Kimasai na fimbo yake, polepole.

Kila mtu wa kwetu anajua la kufanya. Ukiwa juu ya baiskeli ukakutana na mtu mzima njiani, unashuka. Unasimama, unaamkia, unajibiwa, unaulizwa habari za nyumbani, unakokota hatua mbili tatu, ndipo unapanda. Bi Mwanaidi alikuwa anashuka hata kwa wazee waliolala kwenye majamvi yao wasiomwona. Mimi nilijua haya yote. Nilijua pia kwamba nikishuka nitapoteza mwendo, na jua linapanda, na barafu ni barafu. Nikapiga kengele. Bibi akaingia kwenye nyasi kavu za kando. Nikampita nikipaza sauti, "Shikamoo, mama!" na kama alijibu, upepo ulichukua jibu lake.

Bomani Nashipai alinilaki, wamama wakatoka, watoto saba wakapangwa. Nikafungua kichupa cha surua, nikachanganya na maji yake. Chanjo hiyo ikishachanganywa haizidi muda wa saa sita, baada ya hapo ni ya kutupa. Nikampakata mtoto wa kwanza. Mara wamama wakageuka. Yule bibi alikuwa amesimama mlangoni mwa boma, amelowa jasho, vumbi mpaka magotini. Akasema maneno machache kwa lugha yao. Mama wa yule mtoto niliyempakata akaja akamchukua mapajani mwangu, taratibu, bila kunitazama. Wengine wakawachukua wa kwao, wakaingia ndani.

Nikabaki na sindano mkononi.

"Huyo ni Koko, bibi yetu," Nashipai akaniambia kwa sauti ya chini. "Mama wa mume wangu. Ametoka hapa asubuhi kwenda kukupokea mzigo. Alisema mtu anayewaletea wajukuu zake dawa hawezi kubeba mwenyewe mpaka mlangoni. Sasa anasema baiskeli imefika, mgeni bado hajafika."

Nikaanza kujitetea, na kila nilichosema kilikuwa kweli. Nikasema surua iko jirani. Nikasema chupa imefunguliwa, saa zinahesabika. Nikasema nilikuwa nakimbia kwa ajili yao. Koko alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaniambia yeye mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha mnadani, "Wewe unadunga, unaondoka. Usiku mtoto anachemka, mimi naita nani? Wewe? Mimi nilikuwa katikati ya njia, mkubwa hivi, umenipita. Mtoto mdogo hivi utamwona?"

Nikaiweka sindano chini.

"Nifanye nini, Koko?" nikamuuliza.

"Rudi. Uje."

Nikakirudisha kichupa ndani ya kasha, juu ya sifongo ya kushikia vichupa, nikalifunga kwenye keria. Koko akageuka, tukatoka pamoja. Hakukubali nitangulie, wala hakukubali kuharakishwa. Alitembea kwa mwendo wa magoti yake, nami nikakokota baiskeli pembeni yake, nikitazama kivuli chetu kinavyofupika na kuhesabu kimoyomoyo saa zilizobaki. Katikati ya njia alisimama kuvuta pumzi. Akainua vidole viwili. "Surua," akasema. "Zamani. Mmoja wa kiume, mmoja wa kike. Watoto wangu." Akashusha mkono, tukaendelea. Mimi, niliyepita vyuoni na kufundisha wengine namna ya kuzungumza na jamii, nilikuwa nimedhani naleta habari ya surua mahali ambapo haijulikani.

Tulipofika, nyasi alizozikanyaga kunipisha zilikuwa bado zimelala. Akasimama pale pale. Mimi nikarudi nyuma hatua kama ishirini, nikaja nikikokota, nikasimamisha baiskeli kwa stendi yake. Nikainamisha kichwa, kama watoto wao wanavyofanya kwa wakubwa. "Shikamoo, Koko."

Akaniacha hivyo kwa muda. Nilistahili. Kisha nikauhisi mkono wake juu ya utosi wangu, mkavu na mwepesi. "Marahaba. Umetoka nyumbani salama?" Salama. "Watoto?" Wazima. "Baba watoto?" Mzima. "Ng'ombe?" Nikamwambia sina ng'ombe, nina kuku. Akanitazama kwa huruma kubwa, huruma ya kweli, kana kwamba sasa ameelewa kwa nini sikulelewa vizuri. Nikashindwa kujizuia nikacheka, naye akacheka, mdomo ukiwa na meno manne. Kisha akafungua ule mpira wa tyubu mwenyewe, akalishusha kasha la chanjo, akajitwika. Nilitaka kusema ni zito. Nikakumbuka kunyamaza.

Tuliingia bomani hivyo, yeye mbele na kasha, mimi nyuma na baiskeli tupu. Aliliweka kasha chini, akaketi juu ya ngozi, akanyoosha mikono. Mama wa kwanza akaleta mtoto wake. Koko akampakata yeye, akamshika mkono, akanitazama. Nikadunga. Akaletwa wa pili. Wale saba wakaisha, na wakawa wanatokea wengine ambao sikuwa nimewaona asubuhi, waliokuwa wamefichwa ndani kabisa, mmoja ana miaka mitatu hajaona sindano tangu azaliwe. Nilifungua kichupa cha pili. Walifika kumi na wanne, wote kwenye mapaja ya Koko, wote wakamlilia yeye na si mimi. Wa mwisho alikuwa wa Nashipai. Nikakaa mpaka nikahakikisha hakuna aliyepata shida, nikaeleza habari za homa ya usiku, maji na nguo nyepesi, nikaandika namba yangu kwenye kila kadi. Nikamwambia Koko, "Akichemka, piga. Hata saa ngapi." Akaitikia kwa kichwa.

Walihama kama walivyosema. Surua iliwafuata huko walikokwenda, ikachukua watoto wa maboma mengine, na katika boma lao haikumpata hata mmoja. Nashipai alinipigia simu kunieleza, baada ya mvua kuanza. Lakini hayo niliyajua baadaye. Jioni ile nilijua tu kwamba nimechoka na nina aibu, na kwamba Koko amesimama na fimbo yake kunisindikiza.

Nikamsihi asitoke, magoti yake. Akabeba kasha tena, likiwa jepesi sasa, tukaenda kwa mwendo wake mpaka pale tulipoamkiana. Akalifunga mwenyewe kwenye keria, akaukaza mpira kuliko nilivyowahi kuukaza mimi. Nikamshukuru, nikaanza kukokota. Nilikuwa nimekusudia kukokota mpaka nitakapopotea machoni pake.

"Wewe," akaniita. "Unakwenda wapi na miguu?"

Nikasimama.

"Panda. Asubuhi nimeona vumbi tu. Nataka kuona unavyokimbia."

Nikapanda. Nikanyonga kwa nguvu zangu zote mbugani mpaka chini ya kilima, sikugeuka, maana machozi yalikuwa yananitiririka na sikutaka ayaone. Nyuma yangu nikamsikia Koko anapiga vigelegele.